Barua ya Mshambuliaji

Nilimtambua kuwa mchezaji kwa jinsi alivyosogeza ndoo ya rangi. Hakuinama. Aliigusa kwa ubavu wa mguu wa kushoto, akaisukuma hatua mbili mbele huku macho na brashi vikiwa bado juu ukutani, na rangi ndani ya ndoo haikutikisika. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kisanduku cha vifaa, nimekuja kubadilisha bomba la sinki, nikalisahau sinki.

Hiyo ilikuwa Crescent Town, mashariki ya Toronto, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mimi nilikuwa fundi wa yale majengo marefu. Yeye alikuwa mpaka rangi. Mpangaji alipohama, tulipewa siku tatu kuifanya nyumba ionekane kama haijawahi kukaliwa na mtu. Nilirekebisha mabomba na vitasa; yeye aliziba matundu ya misumari, akapiga msasa, akapaka nyeupe. Alikuwa Mromania wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye goti la kulia lisilokunjika vizuri, na karibu nusu ya maisha yake alikuwa amekula kwa kucheza mpira. Namba tisa.

Tulizungumza Kiingereza, chake na changu, vyote viwili vya kujifunza ukubwani. Hapa nakiandika kwa Kiswahili, na huenda kinatoka kimenyooka kuliko kilivyokuwa. Aliniita Profesa kwa sababu ya daftari. Nilisoma hadi darasa la saba. Mengine nimejifundisha mwenyewe kwa kamusi na madaftari, na jambo nisipoliandika huwa silielewi. Mimi nilimwita Mzee. Nilipomweleza kuwa ni neno la heshima, alifikiri kidogo, akasema, "Kwetu mchezaji akianza kuitwa mzee, ujue kesho anauzwa."

Maisha yake yote ya mpira aliyasimulia ndani ya vyumba vitupu. Sijui kama ningeyakumbuka hivi yangesimuliwa kwingine. Ghorofa ya kumi na tisa, Januari, theluji ikipita dirishani kwenda chini polepole, na wakati mwingine, upepo ukigeuka, ikipanda juu. Ukuta mweupe, dari nyeupe, dirisha jeupe. Bila fanicha sauti yake ilirudi kutoka chumba cha pili ikiwa imechelewa kidogo, kana kwamba kuna mtu mwingine kule anayekumbuka mambo yaleyale.

Hakufuata mpangilio. Sebuleni alikuwa mwanaume wa karibu miaka arobaini anayechechemea Ugiriki. Jikoni akawa kijana wa kumi na saba. Jioni nilipanga upya kwenye daftari, kila mji na ukurasa wake. Mji wa kwanza ulikuwa wa machimbo ya makaa, ambako theluji ilianguka nyeupe asubuhi na mchana ilikuwa nyeusi. Wa pili ulikuwa kando ya mto Danubi. Huko ukungu ulipanda kutoka mtoni hadi uwanjani, na namba tisa aliusikia mpira kabla hajauona. Siku moja alifunga bao ambalo hakuna aliyeliona isipokuwa yeye na kipa. Ikabidi arudi katikati ya uwanja akipita kwa mwenzake mmoja mmoja ndani ya ukungu, akiwaambia, "Nimefunga."

"Walikuamini?"

"Kipa alikuwa analia, Profesa. Walimsikia."

Mji wa tatu ulikuwa mji mkuu. Kutoka hapo aliitwa mara moja tu timu ya taifa. Alikaa benchi mvua ikinyesha mwanzo hadi mwisho, na mechi ilipokwisha aliirudisha jezi ikiwa imelowa, ila si kwa jasho. Baadaye mipaka ilipofunguliwa alikwenda kucheza daraja la pili kwenye kisiwa cha Ugiriki, uwanja wa udongo mkavu, na huko ndiko goti lilikobaki.

"Mshambuliaji anafanya kazi dakika mbili," aliniambia akiwa juu ya ngazi. "Themanini na nane zinazobaki anangoja. Lakini lazima angoje mahali panapostahili."

Chini ya majengo yetu, bondeni karibu na kijito, kulikuwa na uwanja wa mpira uliozungushiwa waya. Jumamosi timu ya wasichana wa mtaa ilifanya mazoezi hapo, na binti yangu wa miaka kumi na mmoja alikuwa mmoja wao. Alikuwa mtoto wa kule: alielewa kila neno la Kiswahili nililomwambia na kunijibu kwa Kiingereza. Kiswahili alichokitoa kwa hiari ni "Shikamoo" kwa Mzee, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha Mzee kuitikia, naye aliitikia "Marahaba" kwa sauti nzito kama waziri.

Kwa viangazi viwili Mzee alikuja kila Jumamosi, akasimama nje ya waya, vidole vyake ameviingiza kwenye matundu. Hakupiga kelele kama wazazi wengine. Mara chache alinong'ona kwa Kiromania, na sekunde moja baadaye mpira ukaenda palepale alipokuwa anatazama, na hapakuwa na mtu.

Mwishoni mwa kipupwe ofisi ya michezo ya watoto ilibandika tangazo: timu ya wasichana haina kocha, wanaojitolea waandike barua. Mzee alilibandua, akaniletea.

"Nataka kusimama upande ule wa waya," alisema. "Mara moja zaidi, niwe na kazi kwenye nyasi. Mwaka kesho goti hili halitanipeleka hata bondeni."

Hakuwa na cheti chochote. Picha na magazeti yake yalibaki kwa dada yake na hayakupatikana tena. Ushahidi pekee wa maisha yake ya mpira ulikuwa daftari langu. Kwa hiyo barua ilikuwa kila kitu, na nilimwahidi itakuwa barua safi.

Tuliiandika mezani kwangu Jumapili nzima, binti yangu akifanya hesabu zake upande wa pili wa meza hiyohiyo. Shida ilianza kwenye jina la kazi. Neno straika nililijua tangu Dar es Salaam, lakini niliamini ni neno la vijiweni, moja ya yale tunayoyakwaruza kutoka Kiingereza na kuyavunja njiani. Nilifungua kamusi. Chini ya *striker* ilisema: mgomaji.

"Mgomaji?" Mzee alikasirika. "Kwetu wakati ule nani angethubutu kugoma?"

Tukatafuta upande wa pili. Kiswahili kinasema mshambuliaji. Kamusi yangu ikajibu *attacker*. Kiromania kinasema *atacant*. Kamusi yake ndogo ikajibu *attacker*. Lugha mbili zisizojuana, kamusi mbili, jibu moja. Kwa mtu aliyejifundisha mwenyewe hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo. Nikaandika.

Kisha nikaongeza tahadhari juu ya tahadhari. Neno *football* nililitoa, kwa sababu kule Kanada ni jina la mchezo mwingine, wa mpira wenye umbo la yai. Neno soka Mzee alilikataa. Alidai linafanana na soksi. "Mimi sikucheza soksi, Profesa." Nikaamua ofisi ni ya michezo, wataelewa wenyewe. Binti yangu aliinua uso mara mbili. Sikumuuliza. Sikutaka mtoto anisahihishe mbele ya mgeni.

Ninayo nakala. Kwa Kiswahili inasema hivi: *Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa mshambuliaji. Nilianza kushambulia nikiwa na miaka kumi na saba, katika mji wa machimbo. Nimeshambulia katika miji minne na nchi mbili. Niliacha kwa sababu ya goti, si kwa kukosa hamu. Sasa ningependa kuwafundisha watoto.* Kwa Kiswahili ni barua nzuri. Kwa Kiingereza, kwa asiyejua habari yake, ni maungamo ya mtu anayepiga watu barabarani.

Wiki tano zilipita. Theluji ikayeyuka, kijito kikajaa. Mzee hakuuliza, ila alianza kupaka rangi vibaya, akiacha pembe bila rangi. Ndipo tukaitwa, yeye na mimi, kwa kuwa jina langu lilikuwa chini ya barua kama msaidizi wa kuiandika.

Ofisini kulikuwa na mama mmoja mwenye miwani ya kamba, na mlangoni mlinzi wa jengo aliyesimama bila sababu niliyoielewa. Mama aliuliza kwa upole sana.

"Hawa watu uliowashambulia, walikuwa kina nani?"

"Walinzi, zaidi," alisema Mzee. "Wale wakubwa wa nyuma."

Mlinzi mlangoni alibadilisha mguu.

"Na kuna aliyeumia?"

"Mlinda mlango mmoja. Kidole. Nilikwenda hospitali na machungwa."

"Uliacha kwa hiari yako?"

"Nani anaacha kwa hiari, mama? Hata leo nikiona nafasi, mwili unataka kwenda."

Niliutazama uso wa yule mama, kisha mlinzi, kisha barua juu ya meza, na neno lile likaniangalia kutoka kwenye karatasi kama mtu niliyemkanyaga. Kiingereza changu chote kilikimbia. Kilichobaki mdomoni ni neno la kijiweni.

"Straika," nilisema. "Mpira. Alikuwa straika. Namba tisa."

Mama alivua miwani. Alimtazama Mzee, akaguna kidogo, akaweka kiganja juu ya barua kama anayeifunika isione aibu. Mlinzi akaenda zake. Ila mama alikuwa mkweli: barua ilikaa kando wiki zote hizo watu wakijadiliana wafanyeje, na wiki iliyopita timu ilikuwa imepewa baba mmoja kijana. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya msaidizi, wa kubeba mipira na kuweka koni. Ingebidi pia polisi wathibitishe kuwa hana rekodi, kama kwa kila mtu.

"Msaidizi yuko upande gani wa waya?" Mzee aliuliza.

"Ndani," mama alisema.

Njiani sikuweza kumtazama. Nilimwambia kosa ni langu, lote, na kwamba nafasi ile ingekuwa yake. Alitembea hadi kwenye daraja la waenda kwa miguu linalotoka kituo cha treni. "Nilikaa benchi la taifa mvua inanyesha," alisema. "Hili lina jua." Lakini niliona imemuuma, na hilo sijajisamehe.

Nyumbani binti yangu alisikiliza habari yote, akauliza kwa Kiingereza kwa nini sikumuuliza. Nilikuwa nimekaa naye meza moja. Tangu siku hiyo kila barua yangu huisoma yeye kwanza.

Jumamosi ya kwanza ya Mei ukungu ulikuwa umetoka kijitoni na kulala juu ya uwanja. Mzee aliingia kwenye lango la waya na mfuko wa mipira begani, akaimwaga kwenye nyasi, akaanza kuipanga kwa ubavu wa mguu wa kushoto bila kuitazama, mmoja mmoja, na kila mmoja ulisimama mahali alipotaka. Yule baba kijana aliacha kupuliza filimbi. Kisha Mzee alimshika binti yangu bega, akamsogeza hatua tatu ndani ya eneo la hatari, akamwacha hapo. Nilikuwa nje ya waya, vidole vyangu kwenye matundu. Ukungu uliwafunika. Nilisikia mpira ukipigwa, kisha wavu.

Binti yangu alitoka kwenye ukungu akinijia, akisita kidogo kutafuta neno.

"Baba," alisema kwa Kiswahili. "Nimefunga."

Jioni nilifungua daftari kwenye ukurasa baada ya Ugiriki. Niliandika Toronto, na chini yake, kwa tahajia ya kijiweni, straika.