Shangazi Kwenye Ukurasa wa Shukrani

Mimi na mwenzangu tulikuwa mafundi simu pale Kibiti, jirani na stendi. Wateja wakipungua, tunaandika programu. Moja ilikuwa ya kuonyesha saa za maji kujaa na kupwa kule delta, na tuliiacha huria: msimbo wake uko wazi mtandaoni, anayeona kosa ruksa kulirekebisha.

Kosa la kwanza alilikanyaga shangazi yangu. Simu ilimwambia maji yamejaa. Akaondoka na ndoo zake za kaa, mtumbwi ukakaa juu ya tope katikati ya mikoko, akashuka kuusukuma akazama mpaka magotini. Akanitumia ujumbe wa sauti akiwa humo humo. Sitaurudia wote. Alitaka kujua kama mama alinizaa au aliniokota.

Ukiyatoa matusi, ndani mlikuwa na kila kitu: mahali alipo, saa aliyoondoka, na simu ilivyodai. Tukayaandika maelezo hayo mtandaoni. Mgeni mmoja wa Ulaya, hatumjui hatujui, akatutumia marekebisho. Tulikuwa tumechanganya saa za Kiswahili na za Kizungu, ndiyo maana saa mbili asubuhi programu ilionyesha maji ya saa nane usiku.

Tulifurahi mno. Tukafungua ukurasa wa kuwashukuru waliotusaidia kutoka nje, jina la mgeni tukaliandika kwa herufi nene.

Shangazi alipokuja sokoni akapita kwetu, nikamwonyesha kwa majivuno.

"Huyu ni nani?"

"Ndiye aliyerekebisha kosa, shangazi."

"Alikwama wapi?"

"Hakukwama. Yuko Ulaya."

"Sasa alijuaje kama kuna kosa?"

Mwenzangu, maskini, akajitia kueleza. "Shangazi, ukurasa huu ni wa wale walioandika msimbo."

"Na mimi niliyowatumia yalikuwa nini, taarabu?"

Nilicheka mpaka nikaangusha bisibisi. Jina lake likaingia saa ile ile, naye akasimama nyuma yangu kuhakikisha herufi zake ni nene kama za Mzungu.

Haikupita wiki, mumewe akapiga simu, mpole kuliko kawaida yake. Akauliza hali, akauliza biashara, akaulizia hata mvua. Mwishowe akasema, "Mwanangu, unafikiri pale kwenye tope alitoka mwenyewe?"

Tukamwongeza: "Alimvuta aliyegundua kosa." Mgeni akaandika kutuuliza, kwa heshima zote, kuvuta huko ni kazi gani katika uandishi wa programu. Nikamjibu kwamba kwa hapa kwetu ni sehemu ya majaribio. Akaridhika.

Habari za ukurasa huo zikaenea visiwa vyote vya delta, na makosa yakaanza kuonekana kila upande. Mengine ya kweli, tukayarekebisha. Mvuvi mmoja alilalamika kwamba rangi ya kijani ya programu yetu inamkera mkewe. Mwenzangu alitaka tumpuuze. Mimi nilibadilisha rangi ikawa buluu, na kwenye shukrani nikamwandika mke.