Maswali ya Dani kwa Askari wa Kehancha

Nilifikisha miaka ishirini na tisa nikiwa bado nalala kwenye simba, ile nyumba ndogo ya kijana asiyeoa, hatua kumi kutoka langoni kwetu. Sikulalamika. Simba yangu ilikuwa na kitanda, redio, na dirisha lililotazama jiko la mama, kwa hiyo chai ikiiva nilijua kabla ya kuitwa. Wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne walikuwa wametawanyika: huyu Kisumu, yule Nairobi, mwingine polisi huko kaskazini. Mimi nikiulizwa kwa nini sijatoka nyumbani, nilikuwa na jibu ambalo hakuna mwingine aliyekuwa nalo. Nilisema ni kwa sababu babu yangu hajafa.

Babu huyo, baba wa baba yangu, alichukuliwa na Keya, jeshi la Mwingereza, baba akiwa bado ananyonya. Akapelekwa Burma kupigana na Mjapani. Vita vilipoisha wenzake walirudi na makoti mazito na baiskeli. Kwetu ilirudi karatasi. Nayo karatasi haikusema amekufa, ilisema hajulikani alipo.

Hapo ndipo boma letu lilipokwama. Sisi Wajaluo wa upande huu wa Homa Bay, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, tunachukua yago, lile tunda refu zito la mwegea, tunalizika badala yake, na watu wanalia kama kawaida. Lakini wazee wa ukoo walikataa. Walisema mkizika yago na mwenyewe yuko hai, mmemuua nyinyi. Walitaka shahidi wa kifo. Basi babu akabaki si hai si maiti, na mwenye boma akiwa hivyo hakuna anayetoka. Kijana hutolewa na babake kwenda kuanzisha boma lake. Baba yangu hakuwa na wa kumtoa, akakaa humo humo, akafa humo, akazikwa humo kama mtoto. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Tulikuwa kama magari yaliyozuiwa na lori bovu njiani, dereva wa lori akiwa Burma.

Ila mwenye taabu hasa hakuwa mimi. Mimi nilikuwa na chai. Mwenye taabu alikuwa Dani, nyanya yangu, ambaye alikuwa ameishi miaka hamsini akiwa mke wa mtu asiyejulikana alipo. Alipokuwa kijana jambo hilo lilimfaa. Shemeji zake walipotaka kumrithi, aliwauliza, "Mnarithi kwa nani? Nionyesheni kaburi kwanza." Wakaondoka. Lakini mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, alianguka akiteremka kisimani, nyonga ikamharibikia, akawa hatoki mlangoni bila mkongojo. Kwetu mume huzikwa kulia na mke kushoto kwake. Akaanza kutuuliza, mmoja mmoja, kama mwalimu anayeitisha daftari za kazi ya nyumbani: "Mimi mtanilaza kushoto kwa nani?"

Kila aliyeulizwa alikumbuka ng'ombe aliyemwacha mahali.

Habari ililetwa na mama yangu. Mama alikuwa akinunua omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni Homa Bay na kuwapelekea Wakuria kule Kehancha, upande wa Migori, siku za soko. Jioni moja alitua gunia tupu akasema kuna mteja wake, mke wa mtu, ambaye baba mkwe wake alikuwa Burma. Mzee huyo alimwita mama nyumbani, akamuuliza anatoka wapi, akasema alikuwa na rafiki Mjaluo wa huko, mtu wa kucheka sana, na kwamba rafiki huyo alikufa mikononi mwake.

"Wajaluo wako wengi," Dani alisema.

"Anajua jina la kilima chetu, Mama."

Watu wawili walikuwa wamewahi kuja na habari za kifo cha mumewe, miaka tofauti. Wote walikula kuku, wote wakaonekana waongo baada ya kuku kwisha. "Safari hii hafi kuku," alisema. "Mimi ndiye nitauliza. Huyu kijana ana kalamu, aende."

Huyu kijana alikuwa mimi. Nilieleza kuhusu mgongo wangu.

"Mgongo upi?" mama akauliza. "Ule ambao kitanda kinaujua kuliko mimi?"

Nikaenda. Maswali yalikuwa matatu, nimeyaandika kwenye daftari: alikula nini, alilala vipi, alimtaja nani. Nilishuka Migori, nikavuka kwenda Kehancha kwa gari lingine, kisha nikabebwa kwa baiskeli hadi nyumba iliyozungukwa na tumbaku iliyoning'inizwa kukauka. Nilifika nikiwa na hasira na dunia nzima.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, mguu mmoja umekufa ganzi, ameunyoosha mbele kama mzigo wa mtu mwingine. Kijaluo hakijui, Kikuria mimi sikijui, tukakutana katika Kiswahili chake cha Keya.

"Wewe ni Mjaluo?" akaniuliza. "Mbona meno yako yote iko? Babu yako ilikuwa na pengo hapa chini, sita. Mjapani akisikia yeye anapiga mluzi, anajua ni Mjaluo."

"Sisi tulisoma, mzee. Hatung'oi tena."

"Ulisoma. Na sasa unafanya kazi gani?"

Nikafungua daftari. Alijibu maswali yote matatu, polepole, akizunguka huku na huku, na mimi nikitazama jua kwa sababu gari la mwisho la kurudi Migori halingemngoja babu wa mtu. Nilipomuuliza habari za kifo chenyewe alikataa. "Hiyo naambia mwenye mtu. Kwanza yeye aseme ni mtu yake. Pengine mimi namzikia bibi bwana ya mwingine."

Kesho yake nilimsomea Dani. Alilala kifudifudi.

"Wanaume wote wakichoka hulala kifudifudi."

Alimtaja mke aliyemwacha na mtoto wa kiume.

"Nani hakuacha mke na mtoto?"

Alikuwa hali samaki.

Dani aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyekataa samaki. "Mume wangu? Yule aliyekuwa akimaliza kichwa cha samaki mpaka paka anaondoka kwa aibu? Huyo si wangu." Akageukia ukuta.

Nitasema ukweli, nilipumua. Nilirudi simba, nikawasha redio, nikajinyoosha. Babu hakuwa amekufa, na mimi sikuwa na safari.

Nilipumzika wiki mbili. Kisha mama akarudi kutoka Kehancha, akasimama kwenye mlango wangu bila kubisha. "Mzee anauliza kwa nini hukurudi. Nimemwambia sababu. Amecheka mpaka akakohoa. Anasema yeye alikwambia samaki wa mkebe."

Nilitazama daftari. Nilikuwa nimeandika: hali samaki. Yale mengine nilikuwa nimeyaacha kule kwenye jua.

"Umesoma miaka kumi na miwili," mama alisema, "na umeshindwa na mkebe."

Safari ya pili sikueleza kuhusu mgongo. Mzee alinikalisha chini kabisa, kwenye ngozi, nisiweze kuona jua. Akasimulia mwanzo hadi mwisho. Walikuwa wakipewa samaki wa mkebe, waliokatwa vichwa. Wote walikula. Babu yangu alisukuma wake pembeni, kila siku, hata siku za njaa, akisema maneno yale yale: "Samaki bila kichwa, utajuaje alikufa lini?" Kikosi kizima kilimcheka. Walianza kulitumia neno hilo kwa kila kitu, kwa nyama, kwa mkate, hata kwa afisa mmoja Mwingereza aliyekuwa na sura ya kulala.

Nilimfikishia Dani neno kwa neno, safari hii bila kuandika. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Mikono ikasimama.

"Nilimfundisha mimi," alisema. "Alikuja kwetu kuniposa, akaleta samaki wa kununua, wameoza tumboni. Nikamwambia, siku nyingine tazama jicho. Alicheka. Alirudia jambo hilo kwa kila mtu, kana kwamba amelitunga yeye." Akatoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa. "Ni wangu. Nenda ukaulize."

Hivyo nikaenda mara ya tatu, mimi ambaye kabla ya safari hizi sikuwa nimefika Migori isipokuwa kutibiwa jino. Mzee alivua kofia ndipo akasema. Siku hiyo hawakuwa na maji. Babu alichukua debe akaenda mtoni. Mjapani alikuwa juu ya mti. Risasi moja. Walimfuata watatu, wakamvuta, akafia mapajani mwa mzee huyu kabla hawajafika kwa daktari. Wakamzika chini ya mti, wakaweka mawe.

"Mbona karatasi ilisema hajulikani alipo?"

"Karani alikufa siku hiyo hiyo. Sisi watatu hapana jua kuandika. Kesho tukapelekwa mbele." Akavaa kofia. "Mimi najua alipo. Hakuna mtu aliniuliza."

Wazee walikuja, wakanisikiliza, wakakubali. Jambo la kwanza maishani mwangu ambalo ukoo mzima ulikubali kutoka kinywani mwangu lilikuwa kifo. Yago ilikatwa, kaburi likachimbwa kulia mwa nyumba ya Dani, watu wakalia kwa babu ambaye wengi wao hawakumwona kamwe. Mama alilia kwa nguvu kuliko wote, na nadhani hakuwa akimlilia babu, alikuwa akimlilia baba yangu, aliyelala hapo karibu tangu zamani, kaburi la mtoto ndani ya boma la mtu mwingine.

Dani hakulia. Kwa kuwa sasa alikuwa mjane, ilibidi arithiwe, angalau kwa desturi, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini. Aliyebaki wa kufanya hivyo alikuwa mdogo wake babu, mzee wa kanisa la Sabato, aliyesimama mlangoni mwake jioni akiwa ameshika koti lake kama mtu aliyetumwa kurudisha kitu cha kuazima. Kutundika koti ukutani kungetosha.

"Kanisa litasema nini?" alinong'ona.

"Litasema una koti," Dani akamjibu. "Tundika, shemeji. Lakini kesho asubuhi ulichukue. Huo msumari ni wa ungo wangu."

Dani alilala chini ya koti hilo usiku mmoja. Miaka hamsini alikuwa amewakimbiza shemeji zake kwa kuuliza kaburi liko wapi, na sasa kaburi lilikuwa nje, na yeye mwenyewe ndiye aliyelitafuta. Asubuhi alinituma nimtazamie upande wa kushoto kama udongo una mawe. Hauna, nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuonekana kama mtu aliyefika.

Kwa upande wangu wazee walisema njia imefunguka: nitoke, nijenge changu. Anayekwenda kuanzisha boma hubeba jogoo na shoka, akiwa na mke na mtoto wa kiume. Shoka nilikuwa nalo. Nilirudi simba kufikiria hayo mengine, nikiwa nimelala.

Siku ya nne Dani aliniita. "Alikuwa anakwenda mtoni au anarudi?"

"Nani, Dani?"

"Unajua nani. Alipigwa akienda au akirudi?"

Sikuwa nimeuliza. Nilifungua mdomo niseme anarudi, ili niokoe nauli na mgongo, lakini yule mwanamke alikuwa amekwisha kuwafukuza waongo wawili wenye uzoefu kuliko mimi. Nikafunga.

Mzee wa Kehancha hakushangaa kuniona. Kwanza aliuliza yeye: kaburi limechimbwa na nani, kina chake, mvua ilinyesha au la, nani alilia. Nikajibu yote, kwa sababu safari hii mimi ndiye niliyekuwepo. Kisha nikamtolea swali la Dani. Alitazama ule mguu wake uliokufa.

"Anarudi," alisema. "Debe ilikuwa imejaa. Haikumwagika." Akausogeza mguu huo kwa mikono. "Tulikunywa sisi. Watatu. Tulikunywa kwanza, halafu tukazika. Kiu ilikuwa mbaya, kijana."

Njia nzima nilijaribu kutunga kitu kingine. Nilifika jioni, Dani akiwa kitandani, mlango uko wazi. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, ila alinyoosha mkono akanishika ukosi wa shati, na kwa nyonga yake ile sijui alifikaje.

"Alikuwa anarudi," nilisema.

"Na maji?"

"Waliyanywa wenzake. Kabla ya kumzika."

Hakuniachia. Nilisikia redio yangu kule simba, nilikuwa nimeisahau inawaka.

"Walikuwa wangapi?"

"Watatu."

"Yaliwatosha?"

"Sikuuliza, Dani."

Akaniachia shati, akavuta blanketi hadi kidevuni. "Soko la Kehancha ni Jumatatu," alisema. "Mbebee mama yako gunia."