Hewa Ndani ya Bomba

Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha Maskati, kwenye nyumba yetu ya kwanza baada ya Unguja. Mama alikuwa mzazi wa siku tatu, na shangazi alitaka maji ya moto ya kumkanda. Boila ya mafuta hayo iliunguruma uani, lakini tangi la juu lilibaki baridi.

“Basi ntakoga hayo hayo, wifi,” Mama alisema.

“Thubutu!”

Shangazi akalipapasa bomba la kwendea tangini mpaka pale joto lilipokatika. “Hewa imenasa hapa. Maji hayapandi.” Akalegeza nati kwa spana; bomba likapiga mluzi, likamtemea maji ya kutu, kisha likapata moto.

Nikiwa nyuma ya pazia nikasikia kata ya kwanza ya maji ikimwagwa. Tangu tuondoke kwetu sikuwahi kumsikia Mama akilia. Siku ile alilia kwa sauti, na shangazi hakumnyamazisha, akaendelea kumkanda.