Mteja Aliyeyakataa Mawaridi

Miaka ile mji ulipokuwa ukitanuka kila kukicha, mpiga picha mmoja alikuwa akiwapiga picha wateja wake bustanini, nyuma ya nyumba. Mkewe ndiye aliyeipanda: mawaridi mlangoni, matuta ya mboga katikati, na kule mwisho kipande cha magugu kilichokuwa hakijalimwa.

Siku moja akaja bwana mmoja mwenye kofia nyeusi. Mpiga picha akamweka mbele ya mawaridi.

"Hapana, fundi. Nipige kule kwenye magugu."

"Picha haitakuwa na sura, bwana."

"Sura ninayo mwenyewe."

Wakacheka, akapigwa picha. Kesho yake akarudi, akataka pembe nyingine, nyumba isionekane. Mara ya tatu akaomba hata nguo zilizoanikwa ziondolewe.

"Baba watoto," mkewe alisema, "mtu huyu ananitia wasiwasi. Anayakimbia maua kama yanang'ata!"

"Kila mtu na apendacho, mama."

Hata hivyo, maneno yale yalimganda rohoni. Alipokuwa akisafisha picha katika chumba cha giza, alizipanga zote tatu. Hapakuwa na nyumba, tuta wala kamba ya nguo. Pori tupu! Ofisi ya ardhi ilikuwa ikigawa viwanja visivyo na watu, na yeye mwenyewe ndiye aliyetengeneza ushahidi kwamba kiwanja chake ni kitupu.

Bwana yule alipozifuata picha zake, mpiga picha alimkabidhi zote tatu huku akitabasamu.

"Moja sijaridhika nayo. Nikupige tena, bure."

Akamsimamisha kwenye magugu yale yale, ila kamera akairudisha nyuma kabisa, akajifunika kitambaa. Aliyesimama mbele ya kamera hajui kilichoingia ndani yake. Yaliingia matuta, ukuta wa ua, na mkewe akianua nguo.

Baada ya siku mbili aliipeleka picha hiyo ofisi ya ardhi. Karani akafungua jalada la kiwanja hicho. Zile tatu zilikuwa zimebandikwa humo. Akalinganisha kofia, akalinganisha uso.

"Na huyu mama?"

"Mke wangu. Hapo ni nyumbani kwetu."

Karani akayafuta maombi ya bwana yule kwa wino mwekundu. Lakini mpiga picha aliona tayari yana mhuri wa kukubaliwa wa ofisi hiyo hiyo. Hakuuliza ni nani aliyeugonga.

Wiki ile ile mkewe aliyang'oa magugu yote, akapanda kunde. Tangu hapo kila mteja alipigwa picha huku mama akimkodolea macho kutoka mlango wa jikoni, hata maharusi.