Mama wa Simu ya Upepo na Aya ya Sita

Historia ya mawasiliano ya binadamu itagawanywa katika vipindi viwili: kabla ya asubuhi ya leo na baada yake. Saa moja kamili, katika bandari ya Kemondo, Bi Kokuhirwa Mushumbusi ananyoosha mkono, anabonyeza swichi ya mtambo wa simu ya upepo, na dunia nzima inangoja kusikia sauti yake.

Mtambo hauwaki.

"Kutu tena," anasema. Anachukua kisu alichomenyea ndizi, anakwangua vichwa vya betri ya lori iliyo chini ya meza, anapangusa mikono kwenye kanga, anabonyeza upya. Taa nyekundu inawaka. "Muleba, Muleba, Kemondo anaita. Ova."

Muleba anajibu kwa mkoromo. Mazungumzo ya leo ni magunia ya chumvi, mabati, na mtoto wa mtu aliyezaliwa salama. Bi Kokuhirwa anaandika, anarudia, anaaga. Kisha anazima mtambo na kuutazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyekula nguo zake.

"Ungeniuliza mwaka jana, ningekwambia naipenda kazi hii," anasema. "Mwaka huu uliza kitu kingine."

Mtambo ni mali ya Kanubhai, mfanyabiashara mwenye ghala hapa bandarini na maduka Bukoba na Muleba, mmoja wa Wahindi wachache waliobaki mkoani. Aliununua ili ajue mzigo gani umeshuka melini. "Nilinunua redio ya chumvi," anasema, "ikageuka redio ya watu. Nifanye nini? Nimfukuze mtu anayeulizia mama yake hospitali?"

Bi Kokuhirwa alijifunza kazi mwaka 1979, vita vilipokwisha na jeshi kupitisha mizigo yake hapa. Alikuwa akiuza vitumbua mlangoni kwa askari wa mawasiliano aliyeitwa Byarugaba. Byarugaba alichoka kumfukuza, akamfundisha. Leo mshahara wa Bi Kokuhirwa unatosha sabuni, mafuta ya taa na ada ya mtoto mmoja. Anao watatu. Wawili ni wa dada yake, aliyechukuliwa na ugonjwa ambao watu wa hapa waliuita Juliana kabla wataalamu hawajaupa jina lao.

Ugonjwa huo ndio uliobadilisha kazi yake. Zamani msiba ulipita hewani mara chache. Sasa unapita kila wiki, na una namna yake ya kupitishwa. Anayepiga simu hasemi fulani amekufa. Anasema, "Mgonjwa amezidiwa, njooni." Ndugu wanafunga safari, wanafika nyumbani, wanaketishwa, na mtu wa ukoo anawaambia wakiwa wameshikwa mikono. Kila mtu hapa anajua hivyo, hata asiyejua kusoma.

Kamati ya Mtandao wa Simu za Upepo, inayosimamia mitambo ya mkoa kutoka Bukoba, haijui. Mwaka huu imetoa rasimu ya kanuni mpya: nani aanze kuita, saa zipi ziachwe kwa dharura, masafa yapi yatumiwe na nani. Bi Kokuhirwa anazisifu karibu zote. Tatizo ni aya ya sita: "Tukio litajwe kwa jina lake halisi, bila mafumbo." Na rasimu ilianza kutumika kwa majaribio kabla haijapitishwa.

Siku ya tatu ya majaribio, Bi Kokuhirwa alitii. Alisoma alivyoletewa: Privatus, mwana wa Adventina, amefariki. Mtambo wa Muleba uko juu ya kaunta ya duka, kipaza sauti kikiwa wazi. Mbele ya kaunta hiyo, akingoja kupimiwa chumvi, alikuwa amesimama Ma Adventina mwenyewe.

"Nilimsikia akianguka," anasema Bi Kokuhirwa. "Niliachia kitufe, wa Muleba akabonyeza chake anijibu, nikasikia magunia yakianguka na watu wakipiga kelele. Mimi ndiye niliyemwambia. Sauti yangu. Anaijua."

Tangu siku hiyo anataka kitu kimoja tu, aya ya sita ibadilishwe kabla haijawa sheria.

Ni jambo rahisi. Tangazo la kamati linasema hivyo wazi, na limebandikwa kwenye mlango wa ghala: "Wote, hata walio nje ya mtandao, wanakaribishwa kutoa maoni." Bi Kokuhirwa alivaa kitenge chake kizuri, akapanda lori hadi Bukoba.

Karani wa kamati alimuuliza kama ni mwanachama. Akajibu kwamba mwanachama ni mwenye mtambo, yaani Kanubhai. "Basi aandike yeye," karani akasema. Kanubhai akaandika. Jibu likaja kwamba muda wa wanachama ulikwisha Ijumaa iliyopita, uliobaki ni wa watu wa nje.

Akarudi Bukoba kama mtu wa nje. "Mama, wewe si wa nje," karani akamwambia. "Unaongea hewani kila siku."

"Basi niko ndani?"

"Ndani wako wenye mitambo."

"Sasa mimi niko wapi, mwanangu? Mlangoni?"

Karani akafungua rasimu, akatafuta, akafurahi. Mtu wa nje hutoa maoni kupitia kikundi chenye mwenyekiti. Maoni yataje namba ya aya, yaeleze sababu, na yapendekeze maneno mapya ya kuwekwa mahali pa yale ya zamani. Malalamiko matupu hayapokelewi.

"Nilirudi nikiwa nimesimama kwenye lori, juu ya mikungu ya ndizi," anasema. "Nikajiambia, hawa hawataki maoni. Wanataka kuonekana wameyaomba."

Hapo ndipo, kwa bahati njema ya taifa, ulipojitokeza Umoja wa Wasikilizaji wa Simu za Upepo, Kemondo na Vitongoji Vyake. Umoja huo uliiandikia kamati barua nzito. Ulitaja aya, ukaeleza sababu kwa kisa cha Privatus na mama yake, ukapendekeza maneno. Aliyetia sahihi ni mwenyekiti, Mzee E. Kaijage.

Bi Kokuhirwa hakuwahi kumsikia mzee huyo. "Mungu amlinde popote alipo," anasema.

Anamaliza kusema hivyo, na Land Rover inasimama nje ya ghala. Anashuka mwanamume mrefu mwenye koti la kijeshi lililofifia. Ni Byarugaba, askari wa zamani, sasa mwenyekiti wa kamati. Mkononi ana barua.

"Kasinge, Ta Byarugaba," anamsalimu Bi Kokuhirwa kwa Kihaya, bila kusimama.

"Umenikasirikia, Koku."

"Ulinifundisha kuongea. Hukunifundisha kuua."

Byarugaba anavua kofia, anaketi juu ya gunia. "Aya ya sita niliiandika mimi," anasema. "Kule vitani mtu alisema mzigo umefika, mwingine akaelewa vingine, tukapoteza vijana. Na nyinyi na 'amezidiwa' yenu! Mwezi wa nane kule Rubya mtu alikuwa amezidiwa kweli. Ndugu walikuja na sanda, waitu! Mgonjwa akawaona. Yuko hai mpaka leo, na hasemi nao."

Bi Kokuhirwa anacheka, kisha anakasirika kwa kuwa amecheka. Anafikiri, kisu cha ndizi kikiwa bado mkononi.

"Basi tusiseme amezidiwa," anasema. "Tuseme, 'Mnahitajika nyumbani.' Hilo si fumbo. Wanahitajika kweli, mgonjwa awe hai au la."

Byarugaba anayarudia maneno hayo kwa sauti ya chini. "Hilo linaweza kuandikwa," anasema. "Lakini liandikwe na kikundi, na muda wa watu wa nje unakwisha Ijumaa. Na nimekuja kwa sababu ya kikundi. Huyu Mzee Kaijage anakaa wapi? Barua yake ina wino wa zambarau, kama ule wa mashine za kurudufia za shuleni."

Bi Kokuhirwa anageuka polepole kumtazama mwandishi wa makala haya, ambaye amekuwa akiandika kwa bidii kwenye daftari lake. Anatazama vidole vya mwandishi. Ni vya zambarau hadi kwenye kiungo cha pili.

"Wewe," anasema. "Uliyeniambia umetumwa na gazeti. Jina lako nani?"

Wasomaji wanastahili sahihisho. Mzee Elieza Kaijage ndiye mwandishi huyu, na yuko kidato cha tatu, shule ya bweni, likizoni. Wino aliuchukua shuleni bila kuomba. Umoja wake haujawahi kukutana kwa sababu angekutana na nani?

"Kikundi cha uongo, maoni hayapo," Byarugaba alisema.

"Leo ni Jumanne," Bi Kokuhirwa akasema. "Kisichokuwepo Jumanne kinaweza kuwepo Ijumaa." Kisha akanielekezea kisu. "Na wewe, mwana wange. Umetumia jina la mtoto wa mtu kwenye barua yako. Ulimuuliza mama yake?"

Nilisema hapana. Nilipendekeza tumpigie kwa simu ya upepo. Naona aibu kuliandika hili, lakini nilipendekeza.

"Utakwenda Muleba kwa miguu yako," akasema. "Utaingia, utaketi, utanyamaza kwanza. Halafu utasema."

Niliingia, nikaketi. Kunyamaza hakukuwa kugumu. Ma Adventina alikuwa akinyonyoa mbawa za senene, panzi wa kuliwa, kwenye ungo, na hakuniuliza chochote mpaka nilipoanza mwenyewe. Nilimwambia yote: barua, mzee asiyekuwepo, jina la Privatus. Nilimwambia Bi Kokuhirwa anataka maneno gani, na kwamba yatakufa Ijumaa yasipopata watu.

"Huo umoja wenu una watu wangapi?" akauliza.

"Mmoja, Ma. Na huyo mmoja ni mwongo."

Akaendelea na senene wake. Kisha akanisogezea sahani ya wale waliokaangwa.

"Kula kwanza," akasema. "Ukimaliza, andika jina langu. Na mara hii uliandike mimi nikiwa nimekaa hapa."