Bolti Mbili za Priscah

Kinyaa kilianza kumshika Priscah pale Kipruto alipofuta beringi mpya kwa shati alilovaa, shati la jasho la siku tatu, lenye vumbi la ugoro kifuani.

Hakuwa mwanamke wa kudanganywa kuhusu vyuma. Kabla ya kufungua mashine yake ya kusaga posho pale Sosiot, mwaka wa tisini na tatu, alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye stoo ya gereji ya kiwanda cha majani chai, akiwapa mafundi vipuri na kurudishiwa vilivyokufa. Alijua vinavyorudi kazini na vinavyotupwa. Bolti za konrodi, zile mbili zinazoushika mkono wa pistoni kwenye mhimili wa krenki, alitaka zitupwe kila injini ikifunguliwa. Huvutika kidogo kidogo. Ukizirudisha, siku moja hukatika injini ikiwa mbioni, na ule mkono hutoboa bloku, mwili wa injini.

Kwa hiyo injini yake ilipoanza kugonga, alienda mwenyewe Kericho mjini akanunua beringi na bolti mpya, zimefungwa kwa karatasi ya mafuta. Akamwita Kipruto, fundi wa karibu na shemasi wa kanisa lao.

Saa sita Priscah aliingia jikoni. Alipotoka na chakula, Kipruto alikuwa ameshafunga. Alikuwa amechomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana na kujining'iniza nacho kwa uzito wake wote.

"Imekaa, Bot Chelangat," alisema, akimwita kwa jina la binti yake. "Hata trekta haiwezi fungua hii."

Akaketi, akafumba macho, akaombea kuku kwa sala ndefu, akimshukuru Mungu kwa kazi ya mikono safi.

Priscah alitazama chini. Ile karatasi ya mafuta ilikuwa tupu, sawa. Lakini kwenye karai la oili chafu hapakuwa na bolti kuukuu hata moja.

"Zile za zamani umeweka wapi?"

"Nilitupa." Alionyesha kichakani kwa mfupa wa paja. "Huko."

"Fungua."

"Mama, chakula inapoa."

Priscah alichukua spana na lile bomba, akafungua mwenyewe. Bolti ilitoka nyeusi. Alijaribu kuizungusha nati kwa vidole. Ilienda mpaka katikati ikagoma, maana pale chuma kilikuwa kimevutika na kukonda. Ilikuwa ya zamani.

Kipruto aliingiza mkono mfukoni bila haya, akatoa zile mpya, zimeshika ugoro.

"Kuna mtu wa Kipkelion alikuwa anazitaka," alisema akilamba mafuta ya kuku midomoni. "Hiyo yako ingeshika tu. Hata miezi sita."

"Miezi sita? Wamama husimama hapo na watoto mgongoni!"

Alicheka, akanyoosha mkono achukue kipande kingine.

Hata wizi wenyewe haukumchafua Priscah roho kama ile miezi sita, iliyohesabiwa mdomo ukitafuna. Alimnyang'anya bolti, akamwondolea sahani, akamwonyesha njia.

Jumamosi, Phelix, fundi wa kule kiwandani aliyetoka upande wa ziwa, alimletea spana ya kupimia mkazo. Priscah aliziosha bolti kwa mafuta ya taa mara tatu, na bado alihisi harufu ya ugoro. Akapaka oili kwenye nyuzi zake, akalinganisha namba ya kifuniko cha konrodi na namba ya konrodi yenyewe, akakaza kwa zamu, bolti ya kushoto kidogo, ya kulia kidogo, mara tatu, mpaka spana ikalia "tak". Kila mara alizungusha gurudumu kwa mkono kuhakikisha krenki haijabanwa.

"Ungekuwa fundi, dada," Phelix alisema.

"Na ninuke kama wao?"

Kesho yake kanisani Kipruto alipitisha kikapu cha sadaka. Priscah aliweka yake kwa ncha za vidole, akajifuta kwa leso.

Jumatatu injini iliwaka, ikaimba bila kugonga. Kati ya waliopanga foleni alikuwa Nelvine, mke wa Kipruto, na debe la mahindi.

"Mzee anasema alitengeneza vizuri sana," alisema kwa fahari.

Priscah aliutazama ule uso usiojua kitu. Akatoka mlangoni, akatema mate, akarudi, akapokea debe.

"Simama mbali na mkanda," alimwambia, akaanza kumsagia.