Verlin Kucera Kichakani kwenye Chuo cha Wanawake

Haya nitakayosimulia hamtayaamini, wala sitawalaumu. Hata mimi niliyeyaona kwa macho yangu haya mawili, ambayo wilaya nzima inayasifu kwa ukali, nilihitaji kikombe cha pili cha kahawa kabla ya kuyakubali.

Shemeji yangu Verlin Kucera, mume wa dada yangu Darla, analima mahindi na kufuga ng'ombe kwenye nyanda zetu hizi, ambako ukisimama juu ya ndoo unaiona wilaya ya pili. Ni mtu mwema, mchapakazi, na akili zake ni timamu siku zote isipokuwa Jumamosi za msimu wa mpira. Alifunga ndoa akiwa amevaa soksi za rangi ya machungwa, rangi ya timu ya chuo kikuu cha jimbo. Trekta kaipaka machungwa. Mbwa wake wote wana majina ya makocha. Mmoja alibadilishiwa jina siku ileile kocha alipofukuzwa kazi, na mpaka leo ukimwita haji. Marehemu baba yake alimrithisha shamba pamoja na viti vinne uwanjani, na katika wosia viti vilitajwa kwanza.

Chuoni penyewe Verlin hakuwahi kusoma. Darasani aliingia mara moja tu, akitafuta choo.

Kiti cha nne ni cha binti yake, Maren, aliyeanza kukikalia akiwa na wiki sita. Maren ni mkimya wa kutisha. Nyumbani sentensi yake ndefu ilikuwa "Nipitishie chumvi, Baba." Tangu ana miaka kumi na miwili alizunguka kwa majirani na kamba, akipima kina cha maji visimani na kuandika daftarini. Baba yake alimcheka. "Maji yapo, mwanangu. Ukifungua bomba yanatoka."

Basi mwaka alipomaliza shule, vyuo viwili vikamkubali: kile cha jimbo chenye wanafunzi elfu arobaini, na Thornby, chuo cha wanawake cha jimbo jirani, wanafunzi mia saba. Jibu lilitakiwa kabla ya tarehe mosi Mei.

"Nataka Thornby, Baba," Maren alisema. "Lakini ukisema hapana, siendi."

Hilo ndilo lililommaliza Verlin. Mtoto angegombana naye, yeye Verlin angeshinda. Sasa mtoto kamkabidhi kisu na mpini.

"Wana timu?" aliuliza.

"Ya kupiga makasia."

"Kule hakuna hata mto!"

"Kuna bwawa."

"Mia saba! Mwanangu, foleni ya choo pale uwanjani inazidi hao!"

Tukaenda kwanza chuo cha jimbo. Kijana aliyetutembeza alikuwa akitembea kinyumenyume, na Verlin akimsahihisha kila alipoutaja uwanja. Tukaingizwa kwenye darasa la miamba na maji, watu mia nne, mwalimu kule mbele anaonekana mdogo kama harage. Maren akanyoosha mkono. Mkono ukakaa juu mpaka ukachoka, ukashuka wenyewe. Verlin hakuuona. Alikuwa dirishani anahesabu taa za uwanja.

Wiki iliyofuata, Thornby. Binti aliyetupokea alituambia kuwa pale mitihani haisimamiwi na mtu, na kwamba kitu ukikisahau popote utakikuta palepale. Verlin akacheka mpaka tumbo likamruka. Maren alipokaribishwa darasani, Verlin akanivuta kando.

"Shemeji, leo nawaumbua hawa."

Akavua kapelo yake, ile iliyosainiwa na kocha, ile ambayo hata Darla haruhusiwi kuifua. Akaiweka kwenye benchi, kisha akajichimbia kwenye kichaka cha maua chini ya dirisha, akimsubiri mwizi, nami nikasimama karibu chini ya ukingo wa paa.

Akapita msichana wa kwanza. Akaitazama kapelo, akaisogeza mbali na kinyesi cha ndege, akaenda zake. Mawingu yakajikusanya. Akapita wa pili, akaifunika kwa mfuko wa plastiki na kuacha kikaratasi: "Mwenye kofia, mvua inakuja." Verlin akanywea kama mtu aliyetega chui akanasa mchungaji wa kanisa.

Hapo akasikia sauti dirishani, juu ya kichwa chake.

"Nimepima visima ishirini na saba kwa miaka sita. Ishirini na vinne vinashuka."

Nani huyu, akajiuliza, anayeongea kama mwenye nyumba?

"Na cha kwenu?" mwalimu akauliza.

"Kimeshuka futi tisa. Baba hajui. Nilitaka kumwambia, lakini mwaka ule timu ilikuwa inafungwa kila wiki. Sikutaka kumwongezea."

Mvua ikaanza. Verlin hakujitikisa. Sauti ile ikaendelea dakika ishirini, watu kumi na mmoja mle ndani wakiuliza na mtoto akijibu, naye baba mtu kachutama matopeni, maji yanamwingia shingoni.

"Wewe mzee! Toka kichakani!" Alikuwa mlinzi wa chuo, mama mfupi mwenye mwavuli.

"Shii, mama. Mwanangu anaongea."

"Mwanao yupi?"

"Huyo. Miaka kumi na minane, sikujua kama ana sauti hiyo."

Yule mama akainama naye, akasikiliza kidogo. "Mh. Anajua anachosema. Lakini maua yangu umeyakalia. Nyanyuka."

Safari ya kurudi ni saa tatu. Kwa saa mbili na nusu Verlin alitiririsha maji kwenye kiti cha gari langu.

"Futi tisa?" akasema mwishowe.

"Tisa, Baba."

"Na ukisoma kule, utajua la kufanya?"

"Nitajua pa kuanzia."

Siku zikapita, tarehe mosi ikabisha hodi, na mtoto bado anasubiri neno la baba yake.

Sasa shikilieni viti. Siku ya mwisho ya Aprili, Verlin Kucera aliingia uwanjani mbele ya watu elfu tisini, akampokonya kocha kipaza sauti, akanguruma: "Binti yangu anakwenda Thornby!" Bendi ikanyamaza, wachezaji wakapiga magoti, na machozi ya Verlin yakatiririka mpaka chokaa ya mstari wa katikati ikafutika, ikabidi waite—

"Gene!" Verlin mwenyewe akanikatiza. "Aprili mpira gani, shemeji? Ilikuwa jikoni kwangu, tuko watatu. Nilimwambia mtoto aende, nikatoka kulisha ng'ombe. Na aliyelia ni wewe."